Kengele na Komeo la Ghala

Msusi wa mtaani kwetu tulimwita Kengele, naye aliitika bila kinyongo. Akitaka kujua bei ya sabuni ya nywele, hakuwa na haja ya kwenda dukani. Aliuliza akiwa palepale nyuma ya kiti cha mteja, na muuza duka wa ng'ambo ya barabara akamjibu bila kutoka kwenye kaunta. Kwao walizaliwa wengi, alisema, na mtoto aliyeomba chakula kwa sauti ndogo aliambulia kulamba sufuria.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja mwisho wa mtaa, upande wa mto. Mlikuwa na vioo viwili, benchi la mbao, beseni la kuoshea nywele na mashine ya kukaushia yenye kofia kubwa, iliyounguruma kama lori bovu. Hiyo ilikuwa saluni ya pili. Ya kwanza ilichukuliwa na mafuriko miaka kadhaa nyuma, pamoja na nyumba nyingi za upande ule na jirani yetu mmoja ambaye hakuonekana tena.

"Unajua kilichonitia hofu siku ile si maji," aliniambia siku moja, akinigawa nywele kwa kitana. "Ni ule ubishani. Watu wamesimama barabarani, maji yako vifundoni, huyu anasema tupande shuleni, yule anasema tuvuke reli, mwingine anasema hayafiki hapa. Wamebishana mpaka maji yenyewe yakawakatia shauri."

Kwa hiyo ofisi ya maafa ilipomtuma afisa wake kuja kuuandaa mtaa, Kengele alikaa benchi la mbele. Afisa alikuwa dada mmoja mwembamba, mpole wa sauti, aliyevaa mabuti ya mpira hata siku za jua, na haikupita wiki tukawa tunamwita Dada Mabuti. Alieleza kwamba si mafuriko tu yanayotukabili siku hizi. Wilaya ya jirani ilikuwa imepigwa na kisulisuli, ule upepo unaozunguka na kushuka kutoka mawinguni kama mkonga, ukang'oa mapaa na kuyatupa mashambani. Akasema mtaa unahitaji kiongozi wa maafa. Kila mtu akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Kama kazi ni kupiga kelele, nipeni mimi," alisema Kengele.

Watu wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Hivyo ndivyo alivyochaguliwa.

Mafunzo yalifanyika darasani, kwenye shule iliyo juu ya kilima. Dada Mabuti alitufundisha mambo mawili makubwa. Mto ukijaa, panda juu mapema, usisubiri kuona maji. Kisulisuli kikija, usikimbie wala usikae wazi; ingia ndani, sehemu ya chini, kwenye chumba imara kisicho na madirisha. Tuliyarudia kwa pamoja kama watoto wa chekechea. Kengele akanyoosha mkono.

"Mmoja anasema panda, mwingine anasema shuka. Vikija pamoja tufanye nini?"

Dada Mabuti alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi.

"Hilo ndilo swali baya kuliko yote," alisema. "Upepo unaua haraka, lakini unapita haraka. Maji yanachelewa, lakini yanakaa. Vikija pamoja, jifungieni kwanza upepo upite, hata kama maji yanaingia. Ukishapita tu, tokeni mpande. Na mkishafunga mlango msiufungue, kwa sababu upepo ukiingia ndani unainua paa na kila kitu. Ni maneno rahisi kuyasema nikiwa hapa kwenye sakafu kavu. Najua."

Mahali pekee pa kujifungia upande wetu palikuwa ghala la zamani la nafaka. Lina kuta nene za zege, paa la zege, na matundu madogo ya hewa karibu na dari. Mwenye ghala alitoa ruhusa. Fundi wa kuchomelea, mtu wa makamo asiyependa maneno, alirekebisha mlango wake mkubwa wa chuma, akautia bawaba mpya na komeo nene kama mkono wa mtoto. Kisha akasimika mabomba ya chuma kando ya njia, kutoka ghalani mpaka mwanzo wa kilima, tukafunga kamba ya katani bomba hadi bomba, ili maji yakijaa mtu awe na cha kushika. Kengele alikuwa akimpelekea chai na kumsimanga kwa ukimya wake. Fundi alijibu kwa kushusha kinyago chake cha kuchomelea usoni.

Tatizo lilianza kwenye zoezi la kwanza.

Kengele aliishi na mama mkwe wake, kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na alikuwa nyumbani kama mgeni. Mama mkwe alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye heshima zake, magoti yamemwisha. Siku ya zoezi filimbi ikapigwa, watu wakaanza kupanda kilima, na Kengele akagundua kwamba kwa mama mkwe hakuwa na mpango wowote. Akakimbilia kwa waashi waliokuwa wakijenga karibu, akaazima toroli.

Hebu ione picha hiyo. Bibi mzima, kilemba kimemteleza hadi kwenye nyusi, miguu inaning'inia, amebebwa kwenye toroli lenye simenti iliyokauka, anapita katikati ya mtaa aliolelea watoto wake. Watu walijitahidi kutocheka. Kisha gurudumu likaingia kwenye mtaro, toroli likainama, na bibi akamwagwa taratibu kwenye nyasi. Hapo waliojitahidi wakashindwa.

Binti yake, yaani wifi wa Kengele, alikuwa fundi cherehani na aliyaona yote kutoka mlangoni kwake. Jioni hiyo alikuja na begi.

"Umembeba mama yangu kama kiroba cha simenti," alisema.

"Wifi, lilikuwa zoezi. Siku ya siku ningembeba na nini?"

"Siku ya siku utambeba mwenyewe mgongoni, au utaniita mimi niliyezaliwa naye. Huwezi kumfanya kichekesho ili mtaa ukuone unafanya kazi."

Mama mkwe alisimama, akajifunga khanga yake vizuri, akaondoka na binti yake kwa hatua fupi za maumivu. Kengele alimpigia mumewe simu, naye akasema kwamba dada yake na mkewe watamuua kabla ya presha, akakata kwa kisingizio cha mlima mkali.

Tangu hapo wifi alitia pamba masikioni. Filimbi ya zoezi ikipigwa, sisi tunapanda kilima, yeye anakanyaga cherehani kwa kasi zaidi. Kengele alipita mlangoni pale mara nyingi, mara nyingine na matunda ya bibi, na kila mara aliambiwa mama amelala.

Msimu wa mvua uliofuata ulianza vibaya. Mvua ilinyesha sana kule juu mto unakotoka, na kwetu maji yakabadilika rangi, yakawa mazito, yakipita na magogo na matawi mabichi. Siku ya tukio, muda si mrefu baada ya chakula cha mchana, simu ya Kengele iliita akiwa amemsuka mteja nusu kichwa.

"Anzeni kuhama," alisema Dada Mabuti. "Mto utavunja kingo leo hii."

Yule mteja alipanda kilima na nusu ya kichwa ikiwa wazi, na wala hakulalamika. Kengele alipiga filimbi, halafu akaona filimbi inamchelewesha, akatumia mdomo. Watu waliitika vizuri kuliko tulivyotegemea. Wenye watoto wadogo walitangulia, wagonjwa wakafuata. Muuza duka alifunga duka lake bila ubishi, na mtu yule hafungi hata kwa msiba. Wengi walikuwa wameshafika shuleni, nami nilikuwa kwenye kundi la mwisho, pale Kengele alipokwenda kwa wifi yake. Nilimsindikiza.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea kizingiti, mikono kifuani.

"Maji yanakuja," alisema Kengele. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiongea kwa sauti ya chini. "Mtoe mama."

"Nimeita teksi."

"Teksi haitashuka huku. Barabara ya chini imeshaanza kulowa."

"Dereva ameniahidi. Mama yangu atapanda kilima amekaa kwenye kiti, kama mtu."

"Wifi, nichukie mimi. Nichukie mpaka uchoke. Lakini mama mtoe sasa, tumshike wewe huku na mimi huku."

Wifi alitazama barabara. Niliona kwamba anaogopa, na kwamba hofu yenyewe ndiyo iliyomfanya akaze shingo. "Teksi inakuja," alisema, akafunga mlango.

Kengele alibaki ameukodolea ule mlango. Nyuma yetu watu walikuwa wakimwita, wazee wawili hawajatoka, mbwa wa mtu amefungwa mnyororo, mambo chungu nzima. Akapiga moyo konde, akageuka.

Tulikuwa katikati ya njia ya kilima wakati mvua ilipokatika ghafla. Mwanga ukabadilika, ukawa wa kijani kibichi kilichochafuka, kama maji ya bwawa. Ndege hawakusikika. Kisha mvua ya mawe ikaanza, mabonge makubwa yakidunda barabarani na kutupiga mabegani. Simu ya Kengele ikaita tena, na safari hii Dada Mabuti alikuwa akipiga kelele kiasi kwamba nilimsikia mimi niliyekuwa pembeni.

"Kimeonekana ng'ambo ya mto. Kinakuja kwenu. Mtu asibaki kilimani, wala shuleni kwenye madirisha, rudini ghalani, rudini ghalani."

Ng'ambo ya mto wingu lilikuwa limeota mguu. Mwanzoni ulikuwa mwembamba, unayumba kama kamba, kisha ukagusa ardhi na kunenepa, ukageuka mweusi kwa vumbi na vitu vilivyokuwa vikizunguka ndani yake. Kwa mbali vilionekana kama ndege. Yalikuwa mabati.

Sasa fikiria kazi aliyokuwa nayo. Watu hawa aliwafundisha miezi mingi kwamba maji yakija wapande, na maji yalikuwa yanakuja. Tuliyaona yakiingia uchochoro kwa uchochoro kule chini. Yeye alitakiwa kuwageuza, wayafuate. Mzee mmoja alimwambia usoni, "Umechanganyikiwa, mama. Unatupeleka kuzama."

"Ghalani," alisema Kengele. "Wote ghalani. Upepo kwanza, maji baadaye. Shika kamba." Alirudia maneno hayohayo, bila kueleza, bila kubishana, kwa ile sauti aliyopewa, mpaka mtu wa kwanza akageuka, kisha wa pili, kisha ikawa mguu niponye, hata waliokuwa wameshafika shuleni wakashuka.

Tulipoingia ghalani maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Giza lilikuwa zito, na hewa ilinuka magunia na pumba zilizooza. Fundi wa kuchomelea alisubiri hadi wa mwisho, akausukuma mlango, akatia komeo. Mlango ulifungukia ndani, na ulitazama upande ule wa mto ambako upepo ulitokea, kwa hiyo yeye na wanaume wengine waliuegemea kwa mabega. Sisi wengine tulikwenda kwenye ukuta wa nyuma, tukachuchumaa ndani ya maji, watoto katikati yetu. Mtu alikuwa anasali. Mtu mwingine alimwambia asali kimyakimya, anatutisha.

Ndipo mlio ukaja. Nimewahi kuishi karibu na reli, na nakwambia ulikuwa kama treni isiyoisha, inakuja na kuja bila kupita. Masikio yaliniziba. Kwenye matundu ya hewa upepo ulipiga mbinja. Vitu vilianza kuugonga mlango: changarawe, matawi, kitu kizito kilichoburuzika na kuondoka.

Halafu kikagonga kitu kingine. Kiligonga, kikatulia, kikagonga tena.

"Ni ubao," alisema muuza duka.

Kengele alikuwa amesimama nyuma ya fundi. Aliweka sikio kwenye chuma. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia jina lake wala neno lolote la maana, alisikia tu pumzi ya mtu anayelia akiwa amechoka, na akaijua.

"Ni wifi yangu," alisema.

"Usifungue," mtu alisema gizani, na wengine wakadakia. "Ulisema mwenyewe usifunguliwe. Tuna watoto humu."

Fundi alikuwa na mkono juu ya komeo. Alimtazama Kengele. Sikuweza kuona sura zao vizuri, ila niliona wamesimama hivyo, wanatazamana, wakati ule mlio ukizidi kukua.

"Ulisema mwenyewe," fundi alisema.

"Najua nilivyosema."

Akaongeza kitu ambacho hakuna aliyekisikia isipokuwa fundi. Fundi akauondoa mkono kwenye komeo. Kengele akalivuta.

Mlango ulikuja ndani kama umepigwa teke na jitu. Wanaume walirushwa kando, na upepo ukaingia na mawe ya barafu na maji na majani, ukatubana pumzi vifuani. Wifi alianguka ndani akiwa amemkumbatia mama yake kiunoni. Teksi haikufika, na walikuwa wameifuata ile kamba ya mabomba iliyopita mbele ya nyumba yao, bibi akitembea kwa magoti yale yaliyokwisha, na mahali pengine akiburuzwa. Kengele aliwadaka wote wawili kwa khanga na nywele na chochote alichopata, akawavuta nyuma ya ukuta. Kisha upepo ukabadili upande. Mlango ulioshindikana kusukumwa ukajifunga wenyewe kwa kishindo, na fundi, aliyekuwa ameshika fremu ili asianguke, hakuwahi kuutoa mkono wake wa kulia.

Alipiga ukelele mmoja tu. Baada ya hapo alisaga meno. Wanaume waliufungua mlango kidogo, wakamtoa, wakaufunga tena na kuukalia kwa migongo yao, kwa kuwa komeo lilikuwa limepinda. Paa letu lilitikisika, vumbi la zege likatudondokea, nikahesabu watoto waliokuwa karibu nami kwa kuwagusa vichwa, nikasahau idadi, nikaanza upya.

Kisha mlio ukapita juu yetu, ukaenda zake.

Hatukupata nafasi ya kushukuru. Maji yalikuwa magotini, na yalipanda huku tukiyaangalia. "Sasa tunapanda," alisema Kengele, sauti imekatikakatika. "Shika kamba, mtoto abebwe, mtu asirudi kufuata kitu." Fundi alitoka mkono umefungwa kwa kilemba cha mtu, uso umekuwa wa majivu.

Bibi hakuweza tena kusimama. Kengele na wifi yake walipishana mikono, kila mmoja akashika vifundo vya mikono ya mwenzake, wakafanya kiti, wakamwinua mama mzima mzima na kumtoa nje kwenye maji yaliyowafika mapajani. Nilikuwa nyuma yao. Kila walipojikwaa bibi alisema kwa utulivu, "Msinidondoshe," kama mtu anayekumbusha watoto wafunge mlango. Upande wa kushoto, palipokuwa na saluni, pamebaki sakafu na bomba la beseni.

Mtaani kwetu hakufa mtu. Nalisema bila kujivuna, maana mtaa wa pili walifiwa, na waliokufa wengi walikutwa na upepo wakiwa njiani kukimbia maji. Lakini mkono wa fundi haukupona. Madaktari waliokoa kidole gumba na nusu ya kiganja. Mtu aliyeishi kwa mkono ule tangu ujana wake sasa hakuweza hata kufunga kifungo cha shati.

Maji yalipopungua tulikutana shuleni, Dada Mabuti akiwepo. Watu walimsifu Kengele, naye alikaa ameinamisha kichwa, haitiki sifa. Ndipo muuza duka aliposimama. Hakuwa mtu wa shari, na aliongea taratibu.

"Nina swali moja, na sitaki tugombane. Mke wangu alikuwa humo ndani na watoto wangu. Upepo ungeinua paa tungekufa wote. Mimi nataka kujua hivi: angekuwa nje mke wangu, anagonga, ungemfungulia?"

Wifi alikuwa amekaa nyuma na mama yake, nikamwona akiziba mdomo kwa upindo wa khanga.

Kengele alisimama.

"Sijui," alisema. "Nimejiuliza kila siku. Nataka kukwambia ndiyo. Lakini sijui."

"Basi mimi nitasema," alisema fundi kutoka kwenye kiti chake, mkono ukiwa kwenye bandeji. "Komeo nililishika mimi. Hakunipokonya. Niliutoa mkono mwenyewe." Aliitazama bandeji. "Siku nyingine ninafurahi kwamba niliutoa. Siku nyingine nikijaribu kula kwa mkono wa kushoto, sifurahi hata kidogo."

Hapo Kengele akalia, mbele ya wote, bila sauti, mtu ambaye hata akipiga chafya tulimsikia mtaa mzima. Alisema anaacha uongozi. Dada Mabuti alianza kusema kitu, kisha akanyamaza. Nadhani aliona hilo ni letu. Mazungumzo yalikuwa marefu na mengine yalikuwa machungu. Mwishoni muuza duka ndiye aliyetoa shauri.

"Sauti ibaki yake, hakuna mwingine mwenye nayo. Bila sauti ile tungefia kilimani. Ila kuanzia leo mwenye sauti asishike komeo. Ni mzigo wa watu wawili."

"Utalishika wewe?" mtu aliuliza.

"Nitalishika," alisema, na hakuonekana kama mtu aliyeshinda ubishi.

Dada Mabuti naye akakiri kwamba ofisi yao ilipolikagua lile ghala haikufikiria upande wa upepo. Pakahitajika mlango wa pili, mdogo, kwenye ukuta wa nyuma, wenye ukumbi mdogo wa kukinga upepo, ili anayechelewa aingie bila kuua waliomo. Waashi walitoboa zege. Chuma kilipatikana. Aliyekosekana ni mchomeleaji.

Kengele, ambaye saluni yake ilikuwa bado mawe na matope, akaenda kwa fundi asubuhi na kumwambia amfundishe.

"Wewe unasuka," alisema fundi.

"Mikono ni mikono."

"Utaungua."

"Nimeunguzwa na pasi ya nywele tangu sijaolewa. Nionyeshe."

Nilipita pale siku nyingi. Fundi amekaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, Kengele amepiga magoti na kinyago usoni, cheche zinaruka. Yule mtu wa ukimya alikuwa amegeuka msemaji. Karibu zaidi. Usisukume. Unachora nini hapo, mstari au minyoo? Ng'oa, anza tena. Kengele aling'oa, akaanza tena. Mara nyingine wifi alikuja na chai, akaiweka chini, akasimama akitazama kidogo kabla ya kurudi kwenye cherehani. Bibi alibaki kwake, na hapakuwa na mazungumzo ya kumrudisha, ila Kengele sasa aliruhusiwa kuingia na kumsuka, nao walikaa uani kimya, kichwa cha mama mapajani mwa mkwe.

Mlango ule ulichukua muda mrefu kuliko ulivyostahili. Siku ulipotundikwa, fundi alipitisha kidole gumba juu ya kila kiungo, polepole, kutoka juu mpaka chini, sisi tukisubiri.

"Mbaya," alisema. "Lakini umeshika."